Vyuma Vimewekwa Ili Mguu Utembee



Mmeniomba nizungumzie kifundo cha mguu kilichovunjika kikafanyiwa upasuaji, na kazi inayobaki baada ya daktari kufunga nyuzi. Nianze na jambo linaloniumiza kila wiki. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji, picha ya eksirei huoneshwa kwa fahari. Bamba la chuma limelala sawasawa juu ya mfupa, skrubu zimekaa mahali pake, ufa hauonekani. Kila mtu husema operesheni imefanikiwa, na kweli imefanikiwa. Miezi minne baadaye namkuta mtu yule yule akishuka ngazi upande upande, kidato kimoja kimoja, mikono yote miwili ukutani. Mfupa umeunga, lakini mguu bado haujarudi kazini. Kati ya siku ya picha na siku hii ya ngazi umepita muda mrefu ambao hakuna aliyemwambia afanye nini. Mhadhara wangu ni juu ya muda huo.

Kifundo kimeundwa na mifupa mitatu. Mfupa mkubwa wa muundi unashuka na kuishia kwenye nundu ya ndani, ile mnayoweza kuigusa hapo mlipokaa. Mfupa mwembamba ulio kando yake unashuka chini kidogo zaidi na kufanya nundu ya nje. Katikati umeingia mfupa wa tatu, ambao madaktari huuita talasi, umekaa kama ulimi wa mbao ndani ya tundu lililochongwa na seremala. Kano imara zinaifunga mifupa hiyo isiachane. Tundu hilo halivumilii kosa hata kidogo. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani, Ramsey na Hamilton, walionesha kwamba talasi ikisogea kwa nje milimita moja tu, eneo ambalo mifupa inagusana hupungua kwa asilimia 42. Uzito wote wa mwili basi hubebwa na sehemu ndogo iliyobaki, gegedu husagika, na baada ya miaka kiungo huuma kila asubuhi. Ndiyo maana mvunjiko uliotawanya tundu hilo hupasuliwa na kurudishwa mahali pake kwa chuma. Atakayekwambia kwamba ungepona vilevile kwa kuchuliwa na kufungwa vijiti hajaiona hiyo milimita moja.

Lakini chuma kina sababu ya pili, na hii ndiyo tuliyoisahau. Katikati ya karne ya 19, daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alianza kufunga mifupa iliyovunjika kwa bandeji zilizopakwa unga wa jasi. Ikawa neema kubwa duniani, maana majeruhi aliweza kusafirishwa bila mfupa kuchezacheza. Kwa miaka 100 na zaidi plasta ngumu ndiyo iliyotibu mivunjiko mingi. Ilipofunguliwa, mara nyingi mfupa ulikuwa umeunga huku mguu wenyewe umenyauka. Kigimbi kilikuwa kimekwisha, kiungo kimekakamaa, ngozi inang'aa, uvimbe hauondoki, na mfupa wenyewe umepungua nguvu kwa kukosa kazi. Mwaka 1958, madaktari wa upasuaji wa Uswisi, miongoni mwao Maurice Müller, Martin Allgöwer, Hans Willenegger na Robert Schneider, waliunda kikundi kilichokuja kujulikana duniani kwa herufi mbili, AO. Walitengeneza mabamba na skrubu na wakafundisha namna ya kuvitumia. Moja ya misingi yao mikuu ilikuwa hii: mfupa ushikwe imara kiasi kwamba mgonjwa aanze mapema kukisogeza kiungo chake bila hatari. Bamba lilitengenezwa ili mtu asikae ndani ya plasta hadi mguu unyauke.

Vyuma hivyo vimefika kwetu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996, hospitali ya KCMC kule Moshi inapasua na kufundisha wataalamu wa fiziotherapia, na hospitali nyingi za rufaa sasa zinafunga mabamba. Nasema kwa masikitiko kwamba mahali pengi tumekipokea chuma tukaiacha sababu yake. Tunampasua mgonjwa, tunamwekea bamba lililokusudiwa kumpa uhuru, kisha tunamrudisha nyumbani akaishi kama aliyefungwa plasta ya zamani.

Niwaeleze mama mmoja, muuza vitumbua. Aliletwa kwetu na binti yake ikiwa miezi mitatu imepita tangu apasuliwe. Kidonda kilikuwa kimekauka vizuri. Nikamwuliza kwa nini bado yuko kwenye magongo mawili na hagusi chini.

"Daktari alisema nisikanyage, mwanangu."

"Mpaka lini, mama?"

"Hakusema."

Ndivyo ilivyo. Neno moja, "usikanyage", lilitamkwa mlangoni mwa wodi siku ya kuruhusiwa, pengine na mtu aliyekuwa na wagonjwa wengine 30 wa kuwaona asubuhi ile. Mama akalibeba kwa uaminifu hadi nyumbani. Huko akapokewa na upendo. Binti alimletea maji ya kuoga kitandani, mjukuu alitumwa kila kitu, majirani walikuja na matunda na kumwambia apumzike, mguu si wa kuchezea. Familia zetu zinauguza vizuri kuliko nyingi duniani, na sitaki kulivunja hilo. Ila kwa mguu wenye bamba, mapumziko yasiyo na kikomo ni madhara, na wanaoyaleta ni watu wanaompenda mgonjwa kuliko wote. Kwa hiyo jamaa ndio wa kwanza kuelezwa, na waelezwe wakiwa pamoja na mgonjwa wao.

Kuhusu kukanyagia, ushahidi wa karibuni unatupa ujasiri. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 23 za Uingereza kwa watu wazima 561 waliopasuliwa kifundo. Nusu waliruhusiwa kuanza kukanyagia wiki mbili baada ya upasuaji, nusu wakangojeshwa hadi wiki sita kama ilivyo desturi. Baada ya miezi minne, waliokanyagia mapema hawakuwa nyuma ya wenzao, na madhara hayakuwa mengi zaidi upande wao. Naomba msikilize na upande wa pili. Watu waliopoteza hisia miguuni hawakuingizwa kwenye utafiti ule, na madaktari waliweza kumzuia yeyote ambaye uimara wa mfupa wake uliwatia wasiwasi. Mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi nyayo hatapata maumivu ya kumwonya chuma kinapolegea. Yeye husubiri muda mrefu zaidi, mara nyingi maradufu, na husubiri chini ya uangalizi. Mtu ambaye kano zinazofunga mifupa miwili ya muundi zilichanika, au mfupa wake ulikuwa mlaini, naye ana ratiba yake. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari kabla ya kutoka wodini ni hili: nianze kukanyagia tarehe ngapi, na kwa uzito gani? Akujibu kwa tarehe, iandikwe kwenye karatasi yako.

Wiki mbili za kwanza zina kazi ndogo. Mguu uinuliwe juu kuliko moyo, yaani mgonjwa alale na mguu ukiwa juu ya mito miwili mitatu, maana kukaa kwenye kiti na mguu juu ya stuli hakutoshi. Vidole vichezeshwe kila saa, goti likunjwe na kunyooshwa, paja likazwe. Mkumbuke na dalili za kukimbilia hospitali. Kigimbi kikivimba na kuuma kikibonyezwa, au pumzi ikibana ghafla, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hapo hakuna kungoja asubuhi. Kidonda kikitoa usaha, kikanuka, au homa ikapanda, msikipake dawa ya jirani. Na yakija maumivu ya kuchoma kama moto, makubwa kuliko jeraha lenyewe, ngozi ikibadilika rangi na kutoka jasho upande mmoja, semeni mapema, kwa sababu hali hiyo ikikawia hutibika kwa taabu. Sehemu iliyokufa ganzi juu ya unyayo karibu na kovu huwatia watu hofu. Mishipa midogo ya fahamu inapita hapo hapo palipopasuliwa, na mara nyingi hisia hurudi polepole.

Sasa tuingie kwenye mazoezi, na hapa nitakaa.

Mwendo wa kwanza kupotea na wa mwisho kurudi ni ule wa kukunja kifundo kwenda juu, muundi ukiinama mbele ya vidole. Kutembea kwenye sakafu tambarare kunadai digrii kama 10 za mwendo huo. Kushuka ngazi kunadai zaidi, na kuchuchumaa kunadai zaidi ya yote. Vitabu vingi vya fani yetu ya fiziotherapia vimeandikwa na watu wanaokalia viti, wanaridhika mgonjwa akitembea. Sisi haturidhiki, kwa sababu watu wetu wengi wana choo cha kuchuchumaa. Mama wa vitumbua hukaa juu ya kigoda kifupi mbele ya jiko, akiinuka na kukaa kutwa nzima. Mkulima hupalilia akiwa ameinama. Mwislamu anapokaa kati ya sijda mbili, mguu mmoja hulala umenyooka chini yake na mwingine husimama juu ya vidole vilivyokunjwa, na kote kuwili kifundo kinafanya kazi. Dini inamruhusu mgonjwa kuswali kwenye kiti, lakini nimeona wazee wanaolia siku wanayoweza kurudi kwenye mkeka. Hayo ndiyo malengo ya kuandika kwenye faili. Kuandika "mgonjwa anatembea" na kufunga faili ni kumwacha njiani.

Kidonda kikishafunga na daktari akaruhusu kiungo kisogezwe, mgonjwa anyooshe mguu kitandani, apitishe kanga chini ya unyayo, ashike ncha mbili, na kuvuta unyayo uje kwake huku goti limenyooka. Ashikilie akihesabu taratibu hadi 30, aachie, arudie. Baadaye afanye hivyo hivyo goti likiwa limekunjwa, kwa sababu kigimbi kina misuli miwili mikubwa na kila mmoja unataka mvuto wake. Kisha achore herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, alifu au A, yoyote anayoipenda, ili kifundo kipite kila upande. Afanye mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo. Wanaofanya saa nzima siku ya kliniki na kulala siku sita hawapati kitu.

Akianza kukanyagia, tunatumia ukuta. Mama yule nilimsimamisha mbele ya ukuta wa kliniki, mikono yake juu ya ukuta, kidole gumba cha mguu mgonjwa kikiugusa. Nikamwambia apeleke goti mbele liguse ukuta bila kuinua kisigino. Halikugusa. Kisigino kilinyanyuka kila mara, naye akakunja uso, zaidi kwa hofu kuliko maumivu. Tukaupima mguu wake mzima: ulirudi nyuma upana wa vidole vitano na goti bado likagusa. Akaona kwa macho yake tofauti iliyopo, na akaondoka na kipimo asichohitaji mtu wa kumsomea. Kila sentimita moja inayoongezeka kati ya kidole na ukuta ni takriban digrii tatu na nusu za mwendo. Kila jioni, akishaosha masufuria, binti yake alimshikia rula ya shule ya mjukuu. Vidole vikaongezeka, kimoja, kisha viwili. Sikuwa na mashine yoyote ya kumpa, na hakuihitaji.

Nalisema hilo la mashine kwa makusudi. Mwaka 2015, katika jarida la JAMA, watafiti wa Australia wakiongozwa na Anne Moseley walitoa matokeo ya kuwalinganisha watu 214 waliotolewa plasta baada ya kuvunjika kifundo. Wengine walipewa programu ya mazoezi chini ya mtaalamu, wengine walipewa kikao kimoja tu cha ushauri wa kueleweka, wakaenda kujifanyia wenyewe. Baada ya mwezi mmoja, mitatu na sita, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Mtu wa fani yangu anaweza kuusoma utafiti huu akaona unamnyang'anya kazi. Mimi nauona kuwa habari njema kuliko zote kwa nchi zetu. Mgonjwa wa Mpanda au wa Lamu hana nauli ya kuja kliniki mara mbili kwa wiki, na ziko wilaya zenye mtaalamu mmoja wa fiziotherapia au zisizo naye kabisa. Kumbe kinachotakiwa ni kikao kimoja kilichofanywa kwa moyo: nusu saa, jamaa akiwepo, mgonjwa akilifanya zoezi mbele yako mpaka alishike, na karatasi yenye michoro mkononi. Hiyo nusu saa hatuna kisingizio cha kuinyima.

Wapo wanaohitaji zaidi ya hapo, na mtaalamu awatenge mapema. Hao ni mzee aliyekuwa akiyumba kabla ya kuanguka, mwenye kisukari, mwenye maumivu yasiyopungua, na yule ambaye hofu imemshika kiasi kwamba mguu ukiguswa tu anatetemeka. Hawa warudi kliniki, na wasaidiwe nauli pale inapowezekana.

Katika kutembea, kosa kubwa ni kuyatupa magongo mapema kwa sababu ya aibu. Kijana anataka kuonekana amepona, anaingia msibani akichechemea vibaya, na mwili unajifunza kuchechemea. Ni afadhali gongo moja, lishikwe upande wa mguu mzima, na hatua iwe sahihi: kisigino kitangulie, uzito upite juu ya unyayo, vidole visukume. Kwenye ngazi, unapopanda mguu mzima hutangulia, na unaposhuka magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana neno. Yanayobaki hadi kesho yake asubuhi, yakiambatana na uvimbe mpya, yanasema jana ulizidisha, basi leo punguza lakini usiache. Na uvimbe wa jioni usiwakatishe tamaa. Huweza kuendelea miezi sita, hata mwaka, ilhali kila kitu kinakwenda sawa.

Nguvu ya kigimbi ndiyo inayosahaulika kabisa. Mtu akishaweza kwenda sokoni hudhani amemaliza. Mwambie asimame kwa mguu mmoja na ainue kisigino mara nyingi mfululizo, kisha afanye hivyo kwa mguu mzima, mlinganishe. Utakuta mguu uliopasuliwa unachoka mapema mno. Vivyo hivyo kusimama kwa mguu mmoja huku amefumba macho, karibu na ukuta wa kushika: mvunjiko umeharibu hisia zinazouambia ubongo kifundo kiko wapi, na mazoezi huzisaidia hisia hizo kurudi. Wengi wanaoteguka tena mguu ule ule hawakupewa zoezi hili.

Vyuma vyenyewe, kwa kawaida, hubaki. Watu huniuliza kama vitaoza au kama vitaita radi. Haviozi, na radi haina habari navyo. Hutolewa iwapo vinachoma ngozi, vinabanwa na kiatu, au kidonda kimeingia vijidudu. Ipo skrubu inayounganisha mifupa miwili ya muundi, ambayo madaktari wengine huitoa baada ya miezi kadhaa na wengine huiacha. Ikilegea au kukatika baada ya kano kupona, mara nyingi haina madhara.

Nimalizie na vijana wa bodaboda, maana wodi zetu za mifupa zimejaa wao. Mguu wa kulia unakanyaga breki ya nyuma, wa kushoto unabadilisha gia, na wowote kati ya hiyo miwili lazima uweze kushuka chini ghafla kubeba pikipiki, dereva na abiria. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwapima watu waliopasuliwa kifundo cha kulia wakiendesha kwenye mashine ya majaribio ya gari. Muda wao wa kufunga breki ulirudi kuwa wa kawaida wiki tisa baada ya upasuaji. Hiyo ni breki ya gari, mtu akiwa amekaa kitini. Kijana wetu anarudi barabarani mapema zaidi, kwa sababu pikipiki si yake na hesabu ya mwenye chombo inadaiwa kila siku. Ushauri wangu kwake hauna thamani kama hautalijibu hilo. Nimeona vijiwe ambako wenzake wanaiendesha pikipiki ile kwa zamu, hesabu inapelekwa, naye anapata cha kula hadi mguu ukubali. Naviomba vijiwe vyote vifanye hivyo, na viandike kwenye taratibu zao. Kabla hajakabidhiwa tena ufunguo, asimame mbele yao kwa mguu uliovunjika, ainue kisigino, ashuke, arudie mpaka aufikie mguu mzima. Akishindwa, pikipiki ibaki na mwenzake wiki nyingine, kisha wampime tena.

Nasubiri maswali yenu, na wenye magongo waanze.